Upande Aliosimama Mama Mkwe

Mama yangu alikaa darasa la ubatizo miaka kumi na mitatu. Najua atakayesoma atadhani nimekosea kuandika, maana hata mtu mzito wa kichwa humaliza darasa lile kwa miaka miwili. Mama hakuwa mzito wa kichwa. Maswali yote ya mafundisho aliyajua bila kitabu, na majibu yake pia, na mwalimu akikwama katikati ya swali, mama ndiye aliyemkwamua kutoka benchi la nyuma. Walioanza naye walibatizwa, wakaoana, wakazaa, na watoto wao wakaja kukaa naye kwenye benchi lile lile, wakapita, wakamwacha. Kosa lake lilikuwa moja tu. Alikuwa mke wa pili.

Sheria ya misheni yetu, huko upande wa Bungoma, ilikuwa fupi. Mwanamume mwenye wake wawili habatizwi mpaka abaki na mmoja. Mke wa pili habatizwi mpaka aondoke kwa mume. Mke wa kwanza anaweza, kwa kuwa yeye hakukosa, alikosewa. Katika boma letu sheria hiyo ilikuwa kichekesho kichungu. Mke wa kwanza wa baba hakutaka hata kusikia kengele ya kanisa. Alisema inawatisha kuku wake wasitage. Ubatizo ulikuwa wake bure na hakuutaka. Mama aliutaka kuliko chakula na akanyimwa. Baba naye, mzee mwenye maneno machache na pombe nyingi, alisema hivi: "Kama kanisa nataka mke yangu aondoke, basi kanisa ikuje imjengee nyumba." Hakuna aliyekuja kumjengea.

Sisi watoto wake sheria haikutugusa. Mimi nilibatizwa nikiwa kijana, na mama akafua shati langu mara mbili siku ile, halafu akasimama nje ya mlango wa wanawake kuniangalia, kwa sababu siku za ubatizo wanafunzi wa darasa hawakuingia. Nilipotoka nikiwa na maji kichwani aliniuliza kama yalikuwa baridi. Nikasema ndiyo. Akacheka, akasema yeye siku yake ataomba yapashwe moto kidogo.

Alikuwa na rafiki mmoja wa kweli, mwanamke wa mlima wa pili kutoka kwetu, mjane, Mkristo wa siku nyingi, mwenye sauti ya kuimba iliyosikika mpaka mtoni. Walilimiana mashamba tangu wakiwa wasichana. Urafiki wao ndio ulioniletea mke, maana walipochoka kupeana mbegu na vifaranga waliamua kupeana watoto, nami nikaoa binti yake wa nne. Kuanzia siku ile ng'ombe wa mahari walipoingia boma lake, mwanamke aliyenilisha viazi nikiwa mtoto akawa mama mkwe wangu, na sikumtazama tena usoni.

Hapa lazima nieleze, kwa sababu vijana wa leo huniangalia kama ninawadanganya. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mkono. Hawakai nyumba moja. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kwenye mahindi mpaka mwenzake apite. Kusimama naye bega kwa bega ni jambo ambalo hata mlevi hafanyi, na aliyefanya zamani alitolewa kondoo wa kumsafisha na bado watu wakamcheka mpaka kaburini. Tena dada za mama mkwe nao ni mama wakwe vilevile, na sheria yao ni hiyo hiyo moja. Si chuki. Ni heshima, na ilikuwa imekaa ndani yetu kabla ya kanisa kuja, na kanisa lilipokuja likaikuta na kuizunguka. Wanaume walikaa upande mmoja, wanawake upande mwingine, kila upande na mlango wake, na hakuna aliyepata taabu kwa miaka yote hiyo.

Mimi nilikuwa nimekwenda kazi Kitale. Si mjini, mbele kidogo, njia ya kuelekea mahali paitwapo Kwanza, kwenye shamba la mzungu mmoja aliyelima mahindi mpaka macho yanachoka kuona mwisho wake. Niliendesha ng'ombe wa plau, na Jumapili, kwa kuwa nilijua kusoma, niliwasomea wenzangu Kitabu ndani ya ghala. Misheni ilinisikia ikafurahi. Ilisemekana huenda siku moja nitapewa cheti cha mwalimu wa kanisa, na sitaficha, nilianza kukohoa kama mwalimu hata kabla ya kukiona.

Siku moja ikaja barua, imeandikwa na mzee wa kanisa wa kwetu. Mama ni mgonjwa, tumbo limevimba, dawa za hospitali hazikusaidia, na anaomba abatizwe kabla hajafa. Mzungu wa misheni amechoka kusumbuliwa na jambo hili na ameamua lipelekwe mbele ya washiriki wote. Washiriki ni waliobatizwa. Mimi ni mshiriki. Nije.

Niliomba ruhusa siku tano, nikapewa karatasi ya kuonyesha askari njiani pamoja na kipande changu, kile kitambulisho cha shingoni, nikashuka kwa miguu. Siku mbili. Njia nzima nilikuwa natunga maneno ya kusema mbele ya kanisa. Nilikuwa na maneno mazuri. Ningewaambia kwamba Bwana wetu mwenyewe alihukumiwa na umati, na umati ule ulikuwa mkubwa kuliko kanisa letu, na ulikosea. Ningewauliza nani kati yao anajua mafundisho kuliko mama. Niliyasema kwa sauti kwenye mahindi, na mara moja mwanamke aliyekuwa akichota maji alinikimbia akidhani nina wazimu.

Sikulisema hata neno moja.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, jua limetulia. Kanisa letu lilikuwa la udongo, si kubwa. Mama aliwekwa benchi la mbele peke yake, amefungwa leso tumboni ili uvimbe usionekane sana. Wanafunzi wengine wa darasa walitolewa nje. Yule mzungu wa misheni alikuwa mtu mwembamba, mwenye homa ya kila mwezi, siku chache tu kabla ya kwenda likizo kwao. Hakuwa mtu mbaya. Ningependa angekuwa mbaya, ningepata wa kumlaumu.

Akasema kwa Kiswahili chake, "Mimi si Papa. Mimi sitaki kuamua peke yangu. Kanisa ni mwili mmoja. Tutaomba, halafu kila mtu atasimama na kwenda. Wanaosema mama huyu abatizwe, waende upande wa dirisha. Wanaosema asibatizwe, waende upande wa mlango wa wanaume. Pale watakaposimama wengi, hapo tutajua Roho Mtakatifu amesema."

Watu wakaguna. Mikono alikuwa ameijaribu mwaka uliotangulia, juu ya jambo la pombe, na watu wakainua mara zote mbili ili wasimuudhi mtu. Kwa hiyo sasa alitaka miguu. Na alitaka wanaume na wanawake pamoja, upande mmoja, kwa kuwa mbele za Mungu, alisema, hakuna mwanamume wala mwanamke. Maneno hayo yameandikwa kweli. Lakini aliyeyaandika hakuwa na mama mkwe kwenye kanisa la hatua kumi na mbili kutoka ukuta mpaka ukuta.

Tukaomba. Kimya kilipokwisha, mtu wa kwanza kusimama alikuwa mama mkwe wangu. Hakusubiri. Alikaza leso yake kichwani, akapita mbele ya watu wote, akaenda kusimama dirishani, na akasema, "Huyu dada yangu ndiye alinifundisha kuomba. Mimi nasimama hapa." Dada zake wawili wakainuka wakamfuata. Wanawake wengine zaidi ya kumi, wazee, wakaenda nao. Nilidhani tumeshinda.

Kisha nikaona uso wa mwanamume aliyemwoa dada mkubwa wa mke wangu. Mtu huyu jana yake alinishika bega akaniambia, "Wewe usiogope bana, mama yako si ni mama yetu." Sasa alikuwa amesimama nusu, anaangalia dirisha, anaangalia viatu vyake. Akaangalia dirisha tena. Halafu akageuka taratibu, akaenda mlangoni. Nyuma yake akaenda aliyemwoa dada wa pili. Kisha waliooa mabinti wa wale dada wawili wa mama mkwe. Mama wale watatu walikuwa wameoza mabinti kumi na mmoja ndani ya kanisa lile, na kila mkwe wao aliyekuwepo alikwenda mlangoni akiwa ameinamisha kichwa.

Hapo vijana waliokuwa hawajui la kufanya wakaona upande gani wanaume wanakwenda. Wakaenda. Wake zao wakawatazama waume zao, wakaenda. Wengine waliokuja tu kwa sababu ni Jumamosi na hakuna soko wakaangalia wapi pamejaa, wakaenda. Ndivyo Roho alivyosema siku ile.

Nilikuwa bado nimekaa. Yule mzungu akaniita kwa upole, "Na wewe, kijana wa Kitale?"

Sasa nisikilizeni vizuri, maana sitaki kujitetea. Mama mkwe wangu aliniona nimekwama. Akafanya jambo ambalo mila inaliruhusu kwa shida kama ile: aligeuka akatazama ukuta, akashusha leso mpaka usoni, akajikunja pembeni kabisa ya dirisha. Alinifungulia njia. Mwanamke akifanya vile, mkwe anaweza kupita upande wa pili haraka na hakuna atakayesema neno kubwa. Nililiona jambo hilo. Wote waliliona. Niliona pia mzee wa kanisa ananitazama juu ya miwani, nikawaza watakavyocheka wenzangu wa rika langu, kwamba msomi wa Kitale alisimama na mama mkwe wake kwenye dirisha moja kama watu na shemeji zao. Nikawaza na cheti.

Ningeweza kubaki nimekaa. Ningeweza kutoka nje nikalia. Niliinuka nikaenda mlangoni.

Mzee wa kanisa alihesabu kwa kugusa vichwa na fimbo. Dirishani kumi na tisa. Mlangoni thelathini na watano, na wa thelathini na watano nilikuwa mimi. Yule mzungu alishusha pumzi, akatoa shukrani ndefu kwa Mungu anayewaongoza watu wake, akaandika kwenye kitabu cha kanisa kwamba ushirika umeomba na umepewa nuru. Mama aliitikia amina. Aliitikia kwa sauti kubwa kuliko wote.

Nje nilimfuata mzee wa kanisa mpaka kwenye mti alipofunga punda wake. Nilikuwa na hasira, na hasira ya mtu mwenye hatia ndiyo kali. Nikamwambia, "Mzee, ulijua. Ulijua wale watu hawawezi kwenda dirishani. Si ungemwambia mzungu?"

Akafungua kamba bila haraka. "Nilijua nini, kijana? Mimi niliona watu nakwenda na miguu yao."

"Walimkimbia mkwe, mzee. Hawakumkataa mama."

"Na wewe je? Wewe ulibebwa?" Akapanda punda wake. "Loho iko na njia nyingi. Kama haikutaka, si ingewapa hao mama watoto wanaume?"

Nimeyafikiria maneno hayo kwa miaka mingi kuliko nilivyofikiria mahubiri yoyote. Alisema kwa dharau, lakini ndani yake kuna jambo lililonivunja. Kama mama mkwe wangu angezaa wavulana, mama yangu angebatizwa. Mbingu ingefunguliwa au kufungwa kwa sababu ya tumbo la mwanamke mwingine. Ama Mungu alikuwa ndani ya hesabu ile, na basi Mungu huyo mimi simjui. Ama hakuwamo, na basi tulimfungia mama mlango kwa jina la mtu ambaye hakuwepo. Nimejaribu kutafuta njia ya tatu. Wachungaji watatu wamejaribu kunitafutia. Hatujaiona.

Nilirudi Kitale siku zangu tano zilipokwisha. Kwenye shamba lile nilikaa kibanda kimoja na mtu aliyetoka upande wa kati wa nchi, mchapa kazi, mwenye ulimi mkali. Alitaka kujua habari. Nikamweleza yote, isipokuwa mwisho. Akacheka mpaka akaweka sufuria chini.

"Kwetu pia kanisa iligawanyika," akasema. "Juu ya mila. Wengi wakatoka nje, wakajenga kanisa yao. Wachache wakabaki na mzungu. Wale wengi wakasema, ona vile tuko wengi, si ni wazi Mungu ametoka na sisi. Wale wachache wakasema, njia ya Mungu ni nyembamba, si ni wazi amebaki na sisi. Mimi nikaona hawa wote wanajua sana. Nikapanda treni nikakuja kulima." Akaokota sufuria. "Na wewe ulisimama wapi?"

"Na wale wachache," nikasema.

"Vizuri," akasema, na akanipa nyama iliyokuwa kubwa zaidi. Niliila.

Baada ya miezi mitatu niliitwa tena. Mama alikuwa anakwisha. Nilikaa naye siku za mwisho zote, na shamba likanifuta kazi kwa kukawia, jambo ambalo halikuniuma. Tulimzika nyuma ya nyumba yake, kando ya migomba. Kengele haikupigwa, kwa kuwa haikupigwa kwa asiyebatizwa. Waimbaji hawakuja, kwa kuwa hawakutumwa. Mzee wa kanisa alipita barabarani na punda wake, akavua kofia, akaendelea. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda, anatazama mikono yake, na kwa mara ya kwanza niliona ni mzee sana. Mke wa kwanza, yule wa kuku, ndiye aliyemwosha, ndiye aliyemvika, na alilia kwa sauti mpaka akazimia.

Mama mkwe wangu alikuja. Lakini mimi ndiye mtoto mkubwa wa kiume, nilikuwa kaburini nikishika jembe, na yeye hakuweza kufika nilipo. Akasimama ng'ambo ya ua, ndani ya mahindi, ambako hatukumwona, akaimba wimbo wote wa maziko peke yake, kuanzia ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho, kwa ile sauti yake. Ningeondoka dakika chache tu angeweza kuja kumtupia rafiki yake udongo. Halikunijia akilini. Nilikuwa nikijihurumia.

Cheti nilikipata. Baada ya vita vikuu vya pili nilihamia Kitale mjini na mke wangu, nikafanya kazi ya seremala siku za juma na kazi ya kanisa Jumapili, na nywele zangu zilipoanza kuwa nyeupe nikawa mzee wa kanisa mimi mwenyewe, mwenye miwani. Mambo yakabadilika. Wachungaji sasa walikuwa watu wetu. Mwaka mmoja, kabla kidogo ya ile hali ya hatari ya serikali ya mkoloni kwisha, tukaitwa Bungoma, wajumbe wa makanisa yote, kuamua tena jambo la wake wa pili. Safari hii tuliandika kwenye vikaratasi, tukakunja, tukatia kwenye kapu. Hakuna aliyemwona mkwe wake. Walikubali wote isipokuwa watatu.

Mchungaji kijana aliyekuwa mwenyekiti akasimama akilia kwa furaha. Akasema Roho ametuonyesha kweli.

Nikainuka. Miguu ilikuwa inauma tayari siku hizo. Nikauliza, "Mchungaji, kama hii ndiyo kweli, ile ya kwanza ilikuwa nini?"

"Mzee wangu," akasema, kwa adabu nzuri, "wakati ule tulikuwa hatujapata nuru."

"Kitabu kimeandika tulipata."

Watu wakacheka kidogo. Akacheka naye. "Si tushukuru tu, mzee. Hayo yamepita."

"Waliokufa katikati wako upande gani?"

Hapo hawakucheka. Akatazama karatasi zake, akasema hilo tumwachie Mungu. Nikakaa. Nilikuwa na hamu ya kumwambia kwamba kama hili la waliokufa tunaweza kumwachia Mungu, basi hata lile la walio hai tungemwachia, tukaokoa kapu letu. Lakini chakula kilikuwa tayari, na wajumbe walikuwa wametoka mbali.

Jumapili iliyofuata walibatizwa wake wa pili kumi na sita, mtoni. Mimi nilipewa kazi ya kuwapa mablanketi walipotoka. Walitoka wakitetemeka na kucheka, wazee wengine hawana meno, wakinishika mikono na kunibariki, na mimi niliwachukia mmoja mmoja. Nawaandikia hili kwa sababu ni kweli. Niliwachukia kwa sababu walikuwa hai. Mmoja aliniambia, "Mungu amekumbuka sisi, baba," nami nikamfunika blanketi nikamsukuma mbele ili nimpe nafasi mwingine.

Wanaonijua hudhani huzuni yangu ni ya ile siku ya dirisha na mlango. Nimewaacha wadhani hivyo. Mke wangu mwenyewe amekwisha kunisamehe kwa hilo, na najua kwa njia ya mke wangu kwamba mama yake naye alinisamehe kabla hajafa. Lakini kuna jambo ambalo nimelizunguka tangu mwanzo wa kuandika haya.

Nimesema nilikaa na mama siku zake za mwisho. Asubuhi moja jua lilikuwa zuri, tukamtoa nje, tukamlaza kwenye mkeka ukutani. Tumbo lilikuwa kubwa na mikono imebaki mifupa. Mimi nilikuwa napukuchua mahindi karibu naye. Akaniita.

"Baba," akasema, maana ndivyo kwetu mama humwita mwanawe. "Nikuulize kitu. Usikasirike."

"Uliza, mayi," nikamjibu kwa neno letu la mama.

"Siku ile. Ulikwenda mlangoni sababu ya mkwe, ama uliona kweli mimi sifai?"

Jibu la kweli lilikuwa fupi, na lilikuwa mdomoni. Mkwe, mayi. Haya tu. Sikufikiri juu ya Mungu hata kidogo. Lakini nilikuwa mtu anayesomea watu Kitabu. Niliona aibu kumwambia mama yangu kwamba nilimwacha kwa sababu ya leso ya mwanamke mzee na kicheko cha vijana. Nikaona ni afadhali nionekane nina imani kali kuliko nionekane mwoga. Nilikohoa kile kikohozi changu cha mwalimu.

"Niliomba, mayi," nikasema. "Nikaona kanisa limesema kweli."

Nikaendelea kupukuchua, nikisikia punje zinavyogonga ungo.

"Wale wengine," akasema mwishowe, "nilijua ni mambo ya wakwe. Nilikuwa nawaona, nacheka ndani. Nikasema, hata Mungu anaona hawa wanakimbia mama mkwe tu. Nilirudi nyumbani na roho yangu sawa. Ni wewe peke yako sikujua." Akapumzika kidogo, maana pumzi ilikuwa fupi. "Wewe unasoma. Kama uliomba na ukaona hivyo, basi ni kweli."

Ningeweza kusema kweli papo hapo. Alikuwa ananitazama. Nikasema nitamletea uji.

Aliishi siku tisa zaidi. Kila nilipopiga magoti kumwombea, alinishika mkono akaniambia nisijisumbue, kwa kuwa nilikwisha kuomba na nikajibiwa.